Mizabibu ya Lebanoni na Ukoo Ulioitunza



Mimi ni karani wa parokia katika nchi ya Ugogo. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, barua za Padre, na funguo za kabati la sakristia. Siku moja kijana mmoja wa watumikiaji Misa, alipokuwa akijaza kichupa cha divai, aliniuliza, "Karani, divai hii aliilima nani?" Nikamjibu upesi kwamba hununuliwa mjini. Akasema, "Shikamoo Karani, sikuuliza inanunuliwa wapi. Nauliza aliyeilima ni nani."

Nilicheka, lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Maana kwetu tuna ekari moja na nusu ya mizabibu aliyoipanda marehemu baba, na juma lile lile kaka yangu mkubwa alikuwa ameniletea habari kwamba yafaa tuing'oe. Msimu uliopita mnunuzi alikawia, zabibu nyingi zikaozea mtini, na zilizobaki zikauzwa kwa bei ya kutia aibu. Kaka ataka kupanda alizeti. Mdogo wetu ataka tuuze shamba tugawane fedha. Nami niliye katikati sikujua la kusema.

Basi nikaanza kusoma habari za watu wengine wenye mizabibu, nione wenzetu walifanyaje walipofikwa na shida. Nimepata habari za ukoo mmoja wa Lebanoni, nami napenda kuwasimulia. Sikufika huko, maana mshahara wa karani hautoshi nauli ya ndege. Lakini msomaji mwenye subira aweza kusafiri mbali kwa kitabu na ramani, na leo naomba tufuatane.

NCHI NDOGO YENYE MILIMA MIREFU

Lebanoni ni nchi ndogo sana. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 10,452 tu, yaani Mkoa wetu wa Dodoma peke yake waweza kuimeza karibu mara nne. Lakini katika udogo wake ina bahari, ina milima yenye theluji, na ina bonde la rutuba. Kilele chake kirefu kina mita zaidi ya 3,000. Sisi Wakristu twaijua tangu utoto kwa ajili ya mierezi iliyojenga Hekalu la Solomoni, na kwa ajili ya Tiro na Sidoni, miji ambayo Bwana wetu alifika katika mipaka yake. Nabii Hosea naye aitaja divai ya Lebanoni kwa sifa.

Watu wake ni wa dini nyingi. Serikali hutambua madhehebu 18, miongoni mwao ya Wakristu, ya Waislamu na ya Wadruze. Wakatoliki walio wengi ni Wamaroni, ambao hufuata ibada yao ya kale na wakati huo huo humtii Baba Mtakatifu. Mtakatifu Charbel, mtawa aliyefariki mwaka 1898 na kutangazwa Mtakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1977, alikuwa Mmaroni.

Tukitoka mji mkuu, Beirut, na kufuata pwani kwenda kaskazini, twafika ghuba ya Jounieh. Juu ya ghuba hiyo, mlimani Harissa, yasimama sanamu kubwa nyeupe ya Bikira Maria, Bibi Yetu wa Lebanoni, iliyozinduliwa mwaka 1908. Mahujaji hupanda huko kwa maelfu, na wengine miongoni mwao ni Waislamu. Si mbali na hapo, katika milima ile ile inayotazama bahari, uko mji mdogo wa Ghazir. Hapo ndipo ilipo nyumba ya divai tunayoitafuta, Chateau Musar, mali ya ukoo wa Hochar. Jina hilo Musar latokana na Mzar, neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuzuriwa. Sisi tusemao Kiswahili twalijua shina lake, maana ndilo lililotupa kuzuru na ziara.

NJIA YA KWENDA BEKAA

Mgeni akifika Ghazir na kuuliza, "Mizabibu iko wapi?" ataambiwa, "Haiko hapa." Na hili ndilo jambo la kushangaza katika habari hii. Ghala na mapipa viko Ghazir, lakini mashamba yako ng'ambo ya milima, katika bonde la Bekaa. Magari hupita barabara inayokwea mlima kwa kona nyingi, ikavuka mahali penye mita zaidi ya 1,500, kisha ikateremka bondeni.

Bekaa ni bonde refu kama kilometa 120, kati ya safu mbili za milima. Sakafu yake iko juu ya bahari kwa mita kama 1,000, yaani karibu sawa na Dodoma. Mchana jua ni kali na usiku ni baridi, na zabibu hupenda hali hiyo. Lakini tofauti ni hii: kwetu mzabibu ukipogolewa vema huzaa mara mbili kwa mwaka, kule, theluji ikianguka, mzabibu hulala kama mfu, na mavuno ni mara moja tu. Mkulima wa Bekaa akipoteza mavuno hayo, amepoteza mwaka mzima.

Divai ya bonde hili ni ya zamani sana. Wafoinike wa Tiro na Sidoni waliipakia katika mitungi wakaiuza kwa merikebu katika nchi nyingi za pwani. Huko Baalbek, katika bonde lilo hilo, Warumi walijenga katika karne ya pili hekalu la Bakus, mungu wao wa divai, na kuta zake na nguzo zake zingali zimesimama. Mwaka 1857 Mapadre Wajesuiti walianza kutengeneza divai mahali paitwapo Ksara, nao wakaitunza kazi hiyo zaidi ya miaka mia, hata wakaiuza mwaka 1973. Tusistaajabu. Misa yahitaji divai ya asili iliyotokana na tunda la mzabibu, isiyoharibika, na pengi wamisionari walipofika walipanda mizabibu. Hata zabibu zetu za Dodoma husemwa kwamba zilianzia Bihawana mwaka 1957, mikononi mwa wamisionari wa Italia.

KIJANA WA MIAKA ISHIRINI

Ukoo wa Hochar husimulia kwamba wazee wao walitoka Ufaransa wakati wa Vita vya Msalaba, wakakaa wasirudi. Lakini kazi ya divai haikuanza hapo. Ilianzishwa mwaka 1930 na kijana aitwaye Gaston Hochar, naye alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Ghala yake aliiweka katika kasri la kale la Ghazir lililojengwa katika karne ya 18.

Kwa nini hakujenga Bekaa, karibu na mizabibu? Wenyewe hueleza hivi: siku zile Lebanoni ilikuwa chini ya Wafaransa, na haikuwa wazi kama bonde la Bekaa litabaki upande wa Lebanoni au litatiwa upande wa Syria. Gaston aliogopa kuamka siku moja na kukuta ghala yake i katika nchi nyingine. Akaona heri kubeba zabibu kuvuka mlima kila mwaka kuliko kupoteza yote. Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini, kama tutakavyoona, uliwaletea wanawe taabu ambayo yeye hakuweza kuiota.

Hapo mwanzo wanunuzi wake wakuu walikuwa maofisa wa jeshi la Kifaransa. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1943 Lebanoni ikapata uhuru wake. Wakati wa vita hivyo alifika Lebanoni afisa mmoja wa Kiingereza aitwaye Ronald Barton, ambaye ukoo wake ulikuwa na mizabibu huko Bordeaux, Ufaransa. Wakawa marafiki kabisa, hata Gaston akampa mwanawe wa pili jina la Ronald.

BABA NA WANAWE

Mwana wa kwanza, Serge, alizaliwa mwaka 1939. Alikwenda kusoma elimu ya divai katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, na tangu mwaka 1959 akaanza kutengeneza divai ya nyumba yao. Inasimuliwa kwamba alimwambia baba yake wazi: kama ni kazi yangu, niache niifanye kwa njia yangu. Wasomaji wenye wana wakubwa watajua jinsi neno kama hilo linavyochoma moyo wa mzee. Lakini Gaston alikubali akamwachia. Hapo niliweka kitabu chini nikamkumbuka marehemu baba, ambaye mpaka siku ya kufa hakumruhusu kaka hata kushika mkasi wa kupogolea. Mkasi huo kaka aliushika kwa mara ya kwanza baada ya matanga.

Ronald naye akaingia kazini, lakini hakugombania mapipa na kaka yake. Alishika upande wa fedha na biashara. Hivi mmoja akawa mtu wa ghala, na mwingine mtu wa soko.

Njia ya Serge ilikuwa ya kungoja. Divai yao nyekundu hufanywa kwa zabibu za aina tatu: Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan. Kila aina huchacha peke yake katika matangi ya saruji, kwa hamira ile ile iliyoletwa na zabibu zenyewe kutoka shambani, bila kutiwa hamira ya dukani. Kisha hukaa mwaka mmoja katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Baada ya hapo huchanganywa, na mwaka wa tatu hutiwa katika chupa. Chupa hulazwa ghalani gizani, na hazipelekwi sokoni mpaka mwaka wa saba tangu mavuno. Divai nyeupe hutengenezwa kwa Obaideh na Merwah, zabibu za asili ya nchi ile, ambazo wazee wa milimani walizilima tangu kale.

Nisiwafiche: wapo waonjaji wasioipenda divai hii. Husema kwamba haifanani mwaka kwa mwaka, wala hata chupa kwa chupa. Serge hakuona hayo kuwa kosa. Kwake divai ilikuwa kitu chenye uhai, na kilicho hai hubadilika.

MIAKA KUMI NA MITANO YA VITA

Mwezi wa Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Lebanoni, vikaendelea mpaka mwaka 1990. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 150,000 walikufa. Jirani alimwinda jirani. Barabara zilikatwa na vizuizi vya kila kundi. Majeshi ya nchi za nje yaliingia. Wengi waliokuwa na mali waliihama nchi, wala hakuna wa kuwalaumu.

Sasa kumbuka, msomaji, ule uamuzi wa Gaston. Mizabibu ilikuwa upande mmoja wa milima, ghala upande mwingine, na vita katikati. Zabibu si mahindi ya kuweka dohani. Zikichumwa zataka kufika ghalani upesi, la sivyo huchacha zenyewe njiani. Safari ambayo wakati wa amani ni ya saa chache tu, sasa ilitaka dereva mwenye moyo mgumu, na mwenye kujua ni kizuizi gani cha kupita leo, na kipi cha kukimbia.

Mwaka 1976 haikuwezekana kabisa: barabara zilifungwa, umeme haukuwapo, wala divai haikutengenezwa. Mwaka 1984 walijaribu. Mapigano yalizuia malori siku nyingi, na zabibu zilipofika Ghazir zilikuwa zimekwisha kuanza kuchacha garini. Divai ya mwaka huo haikutolewa sokoni pamoja na zile nyingine. Lakini miaka mingine yote ya vita, walivuna na kutengeneza divai. Katika vita vya miaka 15 walipoteza mavuno mawili.

Kuvuna peke yake hakukutosha, maana mnunuzi alikuwa amekwisha potea. Kabla ya vita, karibu divai yao yote ilinywewa Lebanoni kwenyewe. Vita viliwafukuza wageni na kufunga mahoteli. Ghala ikajaa, mfuko ukawa mtupu. Ndipo Serge alipochukua chupa zake akaenda kubisha hodi ugenini. Mwaka 1979, katika maonyesho ya divai huko Bristol, Uingereza, bwana mmoja mwenye sifa kubwa katika mambo ya divai, Michael Broadbent, aliionja akaishangaa na kuisifu mbele za watu. Tangu siku hiyo mlango ulifunguka. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa zabibu kuchachia garini, gazeti la Kiingereza liitwalo Decanter lilimchagua Serge kuwa Mtu wa Mwaka, naye alikuwa wa kwanza kupewa heshima hiyo. Leo divai ya Musar huuzwa katika nchi nyingi, na sehemu kubwa hunywewa nje ya Lebanoni.

Vita vilipokwisha taabu hazikwisha zote. Mwaka 2019 fedha ya Lebanoni ilianza kuporomoka vibaya. Tarehe 4 Agosti 2020 mlipuko mkubwa uliivunja bandari ya Beirut. Na mwaka 2024 mabomu yakaanguka tena, hata katika bonde la Bekaa. Serge mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 31 Desemba 2014 huko Mexico, alipokuwa likizoni pamoja na jamaa zake, naye alikuwa na miaka 75. Wanawe, Gaston aliyerithi jina la babu yake, na Marc, wameishika kazi pamoja na jamaa wengine wa ukoo. Hicho ni kizazi cha tatu.

Nilipofika hapo nilipiga hesabu ya kikarani. Ikiwa divai hungoja miaka 7, basi chupa zilizouzwa mwaka aliokufa Serge zilikuwa za mavuno ya mwaka 2007 au karibu na hapo. Na wanawe, kwa miaka iliyofuata, walikuwa wakiuza divai iliyotengenezwa baba yao angali hai. Vivyo hivyo waliyoitengeneza wao mwaka wa kwanza, iliwabidi kuingoja miaka saba ndipo watu waonje na kusema kama wana wameiweza kazi ya baba.

TULIYOSEMEZANA NYUMBANI

Jumapili moja baada ya Misa tulikutana sisi ndugu watatu chini ya mti ule aliopenda kukaa baba. Niliwasimulia habari hizi zote. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, hao walikuwa na kasri, na rafiki Mwingereza, na elimu ya Bordeaux. Sisi tuna nini?"

Alisema kweli, nami sikuwa na la kubisha. Wala si kila shamba hufaa kuokolewa. Mwenye watoto wa kulisha hawezi kungoja miaka saba. Lakini nilimjibu, "Kaka, jambo moja walilokuwa nalo hata sisi twaliweza. Waligawana kazi. Sisi sote watatu tumekuwa watu wa jembe. Nani kati yetu amewahi kutoka akaenda kumtafuta mnunuzi kabla zabibu hazijaiva? Tumekaa nyumbani tukingoja gari la mtu."

Kaka alinyamaza. Mdogo wetu, ambaye hapo kwanza alitaka tuuze, ndiye aliyesema, "Kutembea nitatembea mimi. Hata jembe lenyewe sikulipenda kamwe." Tukacheka sote, na mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Tumepatana hivi. Mizabibu itakaa misimu miwili zaidi. Kaka atapogoa kwa njia aionayo yeye, wala hapana mtu atakayemsimamia. Mdogo wetu atajiunga na wenzake katika ushirika, azunguke kwa wanunuzi na kwa watengenezaji wadogo wa divai, apate ahadi ya bei mapema. Mimi nitaandika hesabu, kila debe na kila shilingi, tuone kwa macho kama shamba lalipa au halilipi. Nusu ekari iliyo kando, ambayo mizabibu yake imezeeka, kaka atapanda alizeti yake.

Yule mtumikiaji wangu nimempa jibu lake. Nilimwambia kwamba majina ya waliolima divai ile hayaandikwi juu ya chupa, lakini wapo: baba na wana, na watoto wa watoto, na wachumaji walioamka alfajiri. Akaniuliza kama baba yangu ni mmojawapo. Nikasema, huenda.

Misimu miwili si mingi. Kama baadaye nitawaandikia kwamba tumeing'oa, msinicheke, maana tutakuwa tumejaribu. Na kama haikung'olewa, nitawaletea habari za bei.